Maji Kati ya Chembe na Metali: Jinsi Nyuso za Sehemu za Ndege Zinavyoandaliwa

Fundi anayeunganisha vipande viwili vya metali kwa gundi hukabiliwa na swali ambalo gundi yenyewe haiwezi kulijibu: je, gundi imeshika metali, au imeshika kitu kingine kilicholala juu ya metali? Mtu anayerekebisha kiti nyumbani anaweza kulipuuza swali hilo, kwa kuwa kiungo kikiachia atatafuta gundi nyingine. Kwenye ndege haliwezi kupuuzwa. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya shirika la Aloha Airlines, ikiwa safarini kati ya Hilo na Honolulu katika kimo cha mita 7,300 hivi, ilipoteza ghafla kipande cha paa chenye urefu wa mita 5.5. Mhudumu mmoja alifariki, na marubani wakafaulu kuishusha ndege katika kisiwa cha Maui. Ndege hiyo ilikuwa imekwisha kuruka mara 89,680. Mabati ya kiwiliwili chake yalikuwa yameunganishwa kiwandani kwa gundi pamoja na ribiti, yaani pini za metali zinazopigiliwa matunduni, na wachunguzi walieleza kwamba matatizo ya kuandaa nyuso na kuitumia gundi yenyewe yaliacha baadhi ya sehemu bila kushikana kabisa, na nyingine zikiwa dhaifu mbele ya unyevu na kutu. Gundi ilipoachia, mzigo ulihamia kwenye matundu ya ribiti, nyufa za uchovu wa metali, yaani zile zinazoletwa na kukazwa na kulegezwa tena na tena, zikaanza hapo, na mwishowe zikaungana.

Ajali hiyo haikuhusu mashine nitakayoieleza hapa. Naitaja kwa sababu inaonyesha uzito wa jambo ambalo kwa macho halionekani kabisa: hali ya uso wa metali katika mikrometa (sehemu za elfu za milimita) chache za juu, kabla gundi, rangi au koti, yaani tabaka lolote la kufunika, halijapakwa. Miongoni mwa njia zinazotumika leo kuuandaa uso huo ni kuupiga kwa rojo la maji na chembe kali, linalorushwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Nitaiita njia hiyo upigaji wa rojo, ili kuitenganisha na upigaji mkavu ambao mafundi wetu wengi huuita tu kupiga mchanga. Wanaosikia habari zake kwa mara ya kwanza hudhani kwamba maji yamewekwa ili kuosha, au kuzuia vumbi. Hayo yote huyafanya. Kazi yake kubwa, hata hivyo, ni kubadilisha namna chembe inavyokutana na metali, na mengine karibu yote, mazuri na mabaya, yanatokana na hilo.

Tuanze na uso wenyewe. Alumini ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando wa oksidi wenye unene wa nanometa (sehemu za milioni za milimita) chache. Juu ya utando huo hukaa unyevu, mafuta ya mashine, mabaki ya sabuni na jasho la vidole vya aliyekishika kipande. Titani iliyopashwa joto kali hujenga ganda gumu linalovunjika kwa urahisi. Gundi ikipakwa juu ya tabaka hizi hushikamana na ile ya juu kabisa, na nguvu ya kiungo kizima huwa sawa na nguvu ya tabaka lililo dhaifu kuliko yote. Kwa hiyo uso unaofaa unatakiwa uwe safi, uwe na oksidi mpya iliyoshika vizuri, na uwe na mkwaruzo wa kiasi ambao gundi itaweza kuingia ndani yake. Neno la kuzingatia hapo ni kiasi. Mabonde yakiwa ya kina kirefu na yenye ncha kali, gundi haifiki chini na hewa hunaswa humo. Baya zaidi, kila bonde lenye ncha linaweza kuwa mahali ambapo ufa wa uchovu unaanzia, na sehemu ya ndege hutikiswa na kukazwa mara maelfu kwa maelfu.

Upigaji mkavu ni wa zamani. Mmarekani Benjamin Chew Tilghman alipata hataza yake mwaka 1870, na wazo lake la kurusha mchanga kwa nguvu ya mvuke au hewa ndilo ambalo bado linasafisha maganda ya meli, matangi ya mafuta na madaraja. Kwa chuma kinene chenye kutu nzito ni njia bora, na sioni sababu ya kuibeza. Gharama yake kubwa imekuwa mapafu ya watu. Mchanga wa kawaida una silika, na chembe zake zikivunjika hutoa vumbi jembamba linaloingia hadi ndani kabisa ya mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Uingereza ilizuia matumizi ya mchanga katika kazi hiyo ndani ya karakana kwa kanuni za mwaka 1949. Uturuki nayo ilipiga marufuku upigaji mchanga wa nguo za jinzi mwaka 2009, baada ya vijana wengi waliofanya kazi hiyo kuugua. Siku hizi karakana nyingi hutumia chembe zisizo na silika hiyo, kama oksidi ya alumini au ganeti, lakini vumbi la kile kinachoondolewa, iwe rangi yenye kromati (chumvi za kromi zenye sumu) au koti la kadimi, metali yenye sumu, hubaki kuwa hatari vilevile.

Hata tukiweka afya kando, upigaji mkavu una tabia zinazoisumbua sehemu nyembamba. Bati la alumini lenye unene usiofika milimita moja likipigwa upande mmoja kwa chembe kubwa hujikunja, kwa sababu kila pigo hunyoosha kidogo ngozi ya upande ule huku upande wa pili ukibaki ulivyokuwa. Chembe zenye kingo kali huvunjika zinapotua, na vipande vyake huzama ndani ya metali laini na kubaki humo kama miiba. Mafuta yaliyokuwa juu, badala ya kuondoka, hupigiliwa ndani ya mabonde mapya na kuchafua pia chembe zinazozunguka kwenye mashine. Ndiyo maana kipande hulazimika kuondolewa mafuta kwanza, kisha kupigwa, kisha kusafishwa tena vumbi.

Mashine ya rojo kwa nje hufanana na kabati lililofungwa lenye dirisha la kioo na matundu mawili ya glavu ndefu. Chini yake kuna tangi lenye umbo la faneli, ambamo maji na chembe huchanganywa; kwa kawaida chembe huwa kati ya asilimia 10 na asilimia 20 ya ujazo wote. Pampu huvuta rojo hilo na kulipeleka kwenye nozeli, na hapo hewa kutoka kwenye kompresa, mara nyingi kwa shinikizo la baa 2 hadi 6, hulipasua na kuliongezea kasi. Rojo likishapiga kipande hutiririka chini, likarudi kwenye tangi, likazunguka tena. Pampu yenyewe hutengenezwa kwa uangalifu wa pekee, ikiwa na poliurethani, plastiki inayostahimili msuguano, ndani na bila sili ya kuzungukia shafti, kwa kuwa rojo hilohilo linalong'arisha kazi lingeitafuna pampu ya kawaida kwa muda mfupi.

Sasa tufike kwenye kiini. Chembe inapofika kwenye metali ndani ya rojo, haiji peke yake: imezungukwa na maji, na uso unaoufikia tayari umetandwa na maji. Utando huo hufanya kazi kama mto. Sehemu ya nguvu ya pigo hutumika kusukuma maji pembeni, chembe hutua kwa upole zaidi kisha huteleza, na maji yanayokimbia pembeni huondoka na vipande vilivyovunjika kabla pigo linalofuata halijavigongomea ndani. Vilele vidogo vya uso, ambavyo maji yake ni membamba zaidi, hupigwa kuliko mabonde. Kwa sababu hiyo uso uliopigwa kwa rojo huwa na mng'ao laini ulio sawa kila mahali, kama hariri isiyong'aa sana, wala si ule weupe mkavu wenye vitobo unaoachwa na mchanga.

Faida ya pili ya maji haisemwi mara nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi: yanaruhusu kutumia chembe ndogo sana. Chembe ndogo zikirushwa kavu hupeperuka kama vumbi, hushikana kwa unyevu wa hewa au kwa umeme tuli, na haziendi zinakoelekezwa. Ndani ya maji hubebwa bila matatizo hayo, hata zikiwa na ukubwa wa mikrometa chache tu. Uzito wa chembe hufuata kipenyo chake mara tatu, yaani kipenyo kikizidishwa na chenyewe, kisha na chenyewe tena. Chembe yenye kipenyo cha mikrometa 50, ambayo ni nyembamba kuliko unywele wa watu wengi, ina uzito wa sehemu moja ya elfu ya chembe yenye mikrometa 500, na kwa kasi ileile pigo lake lina nishati ya sehemu moja ya elfu. Lakini kwa ujazo uleule wa chembe tunapata mapigo elfu moja badala ya moja. Badala ya nyundo chache nzito tunapata mvua ya nyundo nyepesi, na mvua hiyo hufika kila mahali pa uso bila kuukunja. Ndiyo sababu bati jembamba linasalimika, na ndiyo sababu pia njia hii ni ya polepole pale panapohitajika kuondoa kutu nene au tabaka nyingi za rangi. Anayeinunua kwa kazi hiyo atavunjika moyo, na kosa halitakuwa la mashine.

Chembe zenyewe huchaguliwa kwa kazi. Oksidi ya alumini ina kingo, nayo hukwangua na kuacha mkwaruzo unaofaa gundi na rangi. Shanga za kioo ni za mviringo. Hazikwangui, bali hugonga na kulainisha. Shanga za kauri ni nzito na hudumu zaidi. Ndani ya maji zote huvunjika polepole kuliko zikiwa kavu, ingawa hatimaye huvunjika, na hapo ndipo udhibiti wa kazi unapokuwa mgumu. Mashine iliyojazwa chembe mpya asubuhi si ileile baada ya wiki kadhaa: chembe zimepungua ukubwa, kingo zimeisha, na baadhi zimekuwa unga. Viwanda makini hupitisha rojo kwenye kifaa cha kulizungusha kinachotenga unga na chembe nzima, na fundi huchota sampuli kwenye silinda ya kioo yenye alama, akaiacha itulie, akasoma chembe zimefika alama ipi. Ni kipimo rahisi kinachochukua dakika chache, lakini kikiachwa, shinikizo, umbali wa nozeli, pembe ya pigo na mwendo wa mkono vyote vinaweza kuwa sahihi na uso bado ukatoka tofauti na ule uliothibitishwa kwenye majaribio. Kwa sehemu muhimu mkono wa mtu huondolewa kabisa, na roboti hushika nozeli ili kila sentimita ya uso ipate rojo kwa muda uleule.

Mfano mmoja unaonyesha kwa nini usawa huo unatafutwa. Injini ya GE90, iliyoanza safari za abiria kwenye Boeing 777 mwaka 1995, ina mapanga ya feni yaliyotengenezwa kwa nyuzi za kaboni na resini, plastiki ngumu inayozishikanisha. Nyuzi za kaboni ni imara na nyepesi, lakini ukingo wa mbele wa panga hupigwa na mvua, mchanga na wakati mwingine ndege wa angani, kwa hiyo umevikwa kipande cha titani kilichogandishwa kwa gundi. Kiungo cha namna hii kina pande mbili zisizofanana hata kidogo. Upande wa titani unatakiwa upoteze oksidi yake ya zamani na upate mkwaruzo mdogo ulio sawa. Upande wa kaboni unatakiwa uondolewe ngozi nyembamba ya resini na mabaki ya dawa ya kuzuia kunata kwenye kalibu, bila kukata nyuzi zilizo chini yake. Mtu anayepiga msasa kwa mkono anaweza kuondoa resini mahali pamoja na kukata nyuzi sentimita mbili pembeni, bila yeye mwenyewe kujua. Chembe ndogo ndani ya maji humega resini kidogo kidogo, na kina chake kinaweza kuamuliwa kwa shinikizo na mwendo wa nozeli.

Kipande kikitoka kwenye kabati huoshwa kwa maji yaliyoondolewa chumvi, na hapo hufanyika jaribio ambalo ni la kale na bado halijapitwa na wakati. Maji yakitanda juu ya uso kama shuka moja lisilokatika, uso hauna mafuta. Yakijikusanya kuwa matone, kuna kitu kinachoyakataa. Jaribio hili lina mtego ambao wanaoanza kazi wanapaswa kuonywa mapema. Mashine nyingi za rojo huwekewa sabuni ili kipande kiondolewe mafuta na kupigwa kwa wakati mmoja, na masalia ya sabuni hufanya maji yatande vizuri hata pale ambapo uso hauko safi. Jibu zuri linalotolewa na sabuni ni jibu la uongo. Suuza ya mwisho kwa hiyo ni hatua yenye uzito sawa na upigaji wenyewe. Kisha saa huanza kuhesabiwa, kwa kuwa uso mpya hujitafutia oksidi na uchafu tangu dakika ya kwanza, na praima, yaani rangi ya msingi, au mipako maalumu ya kuimarisha mshiko hupakwa ndani ya muda mfupi uliowekwa, kabla kidole chochote kisicho na glavu hakijaugusa.

Matumizi mengine makubwa ni kwenye injini zinazofunguliwa kwa ukaguzi. Mapanga ya turbini na diski zinazoyabeba hufika karakana zikiwa na masizi, chumvi na oksidi iliyoungua, na haziwezi kukaguliwa zikiwa hivyo. Njia ya kawaida ya kutafuta nyufa ni kupaka kimiminika chenye rangi inayong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, kukisubiri kipenye, kukifuta juu ya uso, kisha kuona kinachojitokeza tena kutoka ndani ya nyufa. Upigaji unaosafisha uso unaweza pia kuuharibu ukaguzi huo kwa namna mbili. Ya kwanza ni kwamba metali laini ikigongwa hutandazwa, na mdomo wa ufa ukafunikwa kwa ngozi nyembamba isiyopitisha kimiminika. Rojo la chembe ndogo hupunguza hatari hii kuliko upigaji mkavu, ila haliiondoi, na ndiyo maana panapokuwa na shaka uso humomonyolewa kidogo kwa asidi kabla ya rangi kupakwa. Namna ya pili inahusu maji yenyewe: ufa uliojaa maji hauna nafasi ya kupokea rangi.

Tarehe 6 Julai 1996, huko Pensacola, Florida, kitovu cha feni cha titani katika injini ya ndege ya aina ya MD-88 kilipasuka wakati ndege ikianza mbio za kuruka, na vipande vyake vikapenya ndani na kuwaua abiria wawili. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye tundu lililotobolewa vibaya kiwandani, na ukaguzi wa rangi uliofanywa mwaka uliotangulia haukuuona ingawa ulikuwa mkubwa wa kutosha kuonekana. Miongoni mwa mambo ambayo bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani iliyatilia shaka ni utaratibu wa kukausha: hapakuwa na uhakika kwamba sehemu zilizooshwa zilikauka kabisa kabla ya rangi kupakwa. Anayetumia njia yenye maji kusafisha diski amejiongezea wajibu huo wa kukausha, na kipulizio cha hewa kwa sekunde chache hakitoshi kuutimiza.

Rojo lenye shanga za kioo hutumika pia kuimarisha metali. Kila shanga huacha shimo dogo la mviringo, na ngozi iliyogongwa hivyo hubaki na mkazo wa mgandamizo unaozuia nyufa zisifunguke. Nguvu ya mapigo hupimwa kwa kipande cha chuma cha springi kilichobuniwa na John Almen wa General Motors katika miaka ya 1940, chenye urefu wa milimita 76 na upana wa milimita 19, ambacho hupigwa upande mmoja na kujikunja, na kimo cha mkunjo wake ndicho kipimo. Tabia ileile iliyokuwa kasoro kwenye bati jembamba hapa imefanywa rula.

Yapo mambo ambayo maji huyaleta pamoja nayo. Chuma cha kawaida kikitoka kwenye rojo huanza kushika kutu ndani ya dakika, na dawa ya kuzuia kutu ikiwekwa kwenye maji huacha utando ambao gundi na rangi havipendi. Fundi hulazimika kuchagua kati ya kutu na utando, au kukausha kwa haraka na kupaka praima papo hapo. Koti za metali zinazorushwa zikiwa zimeyeyuka, ambazo huhitaji mkwaruzo mkubwa na uso mkavu kabisa, kwa kawaida huandaliwa vyema zaidi kwa chembe kubwa kavu.

Vumbi la metali nalo halipotei kwa kuloweshwa. Alumini, titani na magnesi zikiwa vumbi hewani zinaweza kulipuka, na kuzizuia ndani ya maji ni ulinzi wa kweli, kwa sharti kwamba maji yawe mengi na tope liondolewe mara kwa mara. Unyevu mdogo ni hatari kuliko ukavu. Katika kiwanda cha Kunshan, China, ambako magurudumu ya magari yalikuwa yakisuguliwa kwa njia kavu, mlipuko wa tarehe 2 Agosti 2014 uliua zaidi ya watu 140, na wachunguzi walieleza kuwa vumbi la alumini lililokusanyika kwenye chombo chake lilipata unyevu, likajipasha joto kwa kuungana na maji, na joto hilo likaliwasha. Tope la alumini au magnesi lililoachwa kwenye pipa lililofunikwa hutoa pia haidrojeni, gesi inayolipuka kwa urahisi.

Sheria za kemikali zinaifanya njia hii ipate wateja wapya. Umoja wa Ulaya uliweka tarehe 21 Septemba 2017 kuwa mwisho wa kutumia trioksidi ya kromi, ambayo ikiyeyushwa majini huwa asidi ya kromi, bila kibali maalumu, na karakana zilizokuwa zikitegemea madimbwi ya asidi ya kromi kusafisha alumini zikaanza kutafuta njia za kimekanika. Lakini sumu inayoondolewa kwenye vipande vya zamani lazima iende mahali. Miguu ya magurudumu ya ndege hutengenezwa kwa chuma kigumu kilichopakwa kadimi, na rojo linaloiondoa kadimi hiyo hubaki nayo. Maji hayo hayamwagwi mferejini; metali hutuamishwa, tope hukamuliwa kwenye kichujio, na donge linalobaki husafirishwa kama taka ya sumu. Mashine iliyofanya kazi hiyo hutengwa kwa kazi hiyo peke yake, hata ikioshwa na kujazwa chembe mpya, kwa sababu kadimi kidogo iliyobaki ikigusa titani na kupata joto hupenya kwenye metali na kuifanya ivunjike kama kigae.